Mwinyi Kheri wa Ujiji na mizani ya uungwana

  

Ndugu zetu katika imani, katika makala zetu za uongozi tumezoea kupiga mifano ya makhalifa waongofu na ya wafalme wema wa Damascus, Baghdad na Andalusia. Ni mifano mizuri na hatutaiacha. Lakini tumeona kuwa msomaji akisoma habari za mbali tu huweza kudhani kwamba mtihani wa uongozi uliwafika watu wa mbali, na kwamba nchi yetu haikuwa na watu waliopimwa kwa mizani hiyo hiyo. Kwa hiyo leo tunakwenda Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kumtazama mzee aliyeusimamia mji ule katika miaka ambayo walimwengu walianza kuusikia. Naye ni Mwinyi Kheri, aliyefariki mwaka 1885.

Wageni wanaofika Ujiji hupelekwa kwenye ukumbusho wa Dk. Livingstone, wakaoneshwa miembe na mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, kisha wakarudi Kigoma mjini. Hatuna ugomvi na ukumbusho huo. Tunachosema ni kwamba wageni wale wawili walipofika, waliukuta mji wenye wenyewe, wenye soko, nyumba, swala na wazee. Mtu asiyewajua wazee hao hawezi kudai kwamba anaijua Ujiji.

Tuanze na jina. Mwinyi si jina la kuzaliwa, bali ni cheo cha heshima cha watu wa Mrima, na maana yake ni mwenye mji au bwana wa mahali. Mzee wetu alizaliwa yapata mwaka 1820 katika pwani ya Mrima inayoikabili Unguja. Hakuwa Mwarabu wa Oman kama walivyokuwa matajiri wengi wa Tabora, bali alikuwa Mswahili wa pwani. Jambo hili lina uzito wake, maana katika misafara ya zama hizo nasaba ilikuwa na nguvu kubwa, na mwenye nisba ya Kiarabu alitangulizwa mbele hata kama akili yake ilikuwa nyuma. Ujiji ulikuwa mji wa Waswahili zaidi kuliko wa Waarabu, na haikuwa ajabu kwamba aliyeuongoza alitoka kwao.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Msafara uliobeba nguo na shanga uliweza kuchukua miezi mitatu, minne au zaidi, ukapita Ugogo kwenye uhaba wa maji, ukapumzika Tabora, kisha ukavuka Malagarasi na kushuka ziwani. Mwinyi Kheri alikuwa miongoni mwa watu wa pwani wa mwanzo mwanzo kuifanya njia hiyo. Burton na Speke walipofika Februari 1858, Ujiji ilikuwa bado mahali pa kupita tu. Wafanyabiashara walikuja wakati wa kiangazi, wakanunua pembe, wakarudi Unyanyembe. Miaka isiyofika ishirini baadaye palikuwa na mji. Kugeuza kituo cha msimu kuwa mji si kazi ya bunduki peke yake. Inahitaji watu wanaokubali kukaa, kuoa, kulima, kuzika wafu wao pale, na kusikilizana na wenye ardhi.

Na wenye ardhi walikuwapo. Wajiji, ambao ni ndugu wa Waha, walikuwa na mtawala wao aliyekaa vilimani, na kwa mila yao hakuruhusiwa kuliona ziwa, kwa kuwa iliaminika kwamba siku atakayolitazama atakufa. Basi mtawala alibaki juu, na huko pwani ya ziwa mamlaka yake ilishikwa na watwale waliosimamia soko na kutoza ushuru. Mtu mwenye haraka angeweza kuiona hali hiyo kuwa ni mwanya. Mfalme hawezi kushuka hadi sokoni, watwale wana mikuki, na watu wa pwani wana baruti. Nini kiliwazuia kuinyakua nchi?

Mwinyi Kheri alichagua njia nyingine. Alimwoa binti wa mtawala wa Wajiji, akawa mkwe katika nyumba ile, na watu wa pwani chini ya uzee wake wakaendelea kuutambua utawala wa wenyeji. Watasema wengine kwamba ndoa ile ilikuwa ya biashara. Huenda faida ilikuwamo, na sheria yetu haimkatazi mtu kuoa mahali penye faida maadamu ametimiza haki za ndoa. Lakini mtu aliyeoa kwa watu hujifunga kwa watu hao. Akiwadhulumu, anawadhulumu wajomba wa wanawe. Kiongozi aliyefungwa na mafungamano ya namna hiyo huwa mwangalifu kuliko yule ambaye familia yake yote iko mbali na mahali anapotawala.

Soko la Ujiji lilikuwa na namna yake. Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliwakuta watu wa kubadilisha fedha wakikaa sokoni na mifuko ya shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi mnunuzi alibadilisha shanga alizonazo akapewa sofi, akanunua samaki, mafuta ya mawese, chumvi ya Uvinza au nafaka, na jioni wauzaji walizirudisha sofi wakachukua bidhaa. Soko la namna hii haliwezi kusimama ila kwa uaminifu. Wajiji, Waha, Wavira kutoka ng'ambo, Wamanyema, Warundi na watu wa pwani walikutana hapo kila siku wakiwa na lugha mbalimbali na silaha mikononi. Kuwapo kwa mzee anayesikilizwa na pande zote kulikuwa ni sehemu ya usalama wa soko hilo.

Lakini tusiupambe mji kupita kiasi. Uaminifu ulikuwapo na khiyana pia ilikuwapo, na kisa kimoja cha mwaka 1871 kinatuonesha yote mawili kwa pamoja. Livingstone alirudi kutoka Manyema mwezi wa Oktoba akiwa mgonjwa na hana kitu, akitumaini kukuta bidhaa zake alizoletewa kutoka pwani. Aliyekabidhiwa bidhaa hizo aliitwa Sherifu, fundi cherehani kwa kazi yake. Alikuwa amekwisha kuziuza zote. Zaidi ya yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga zilikuwa zimegeuzwa pembe za ndovu. Na udhuru wake ulikuwa mbaya kuliko kitendo chenyewe, kwa kuwa alidai amepiga ramli kwa msahafu akaona kwamba mwenye mali amekufa. Tunaomba hifadhi kwa Mwenyezi Mungu. Kitabu kilichoteremshwa kuamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe kikafanywa chombo cha kuila amana.

Katika mji huo huo na siku hizo hizo alikuwapo Said bin Majid. Alimwendea mgeni yule faraghani, akamwambia kuwa hana nguo za kumpa ila ana pembe, na akamwomba akubali auze baadhi ya pembe hizo ili ampatie thamani yake. Livingstone alikataa kwa wakati ule, lakini hakusahau. Muda mfupi baadaye Said bin Majid ndiye aliyetoa mtumbwi wake ili Livingstone na Stanley wakaitazame ncha ya kaskazini ya ziwa. Tena kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 1869, Mohamed bin Gharib alimchukua mgeni huyo huyo akiwa hajiwezi kwa homa ya mapafu, akamtibu, akambebesha kitandani hadi ziwani na kumfikisha Ujiji mwezi wa Machi. Hawa walikuwa ni watu wa baraza moja na Mwinyi Kheri, na Mohamed bin Gharib alikuwa rafiki yake. Tumevitaja visa hivi kwa sababu kiongozi hupimwa pia kwa watu anaokaa nao. Ujiji walikuwamo watu wa namna ya Sherifu na watu wa namna ya Said, na mwenye kuusimamia mji alipaswa kuwabeba wote wawili.

Miaka ile ilikuwa migumu. Tangu mwaka 1871 vita vya Mirambo na watu wa Tabora viliivuruga njia ya pwani, na misafara ikakwama ama ikalazimika kuzunguka. Bidhaa zilipokwama njiani, madeni ya pwani hayakukwama, maana biashara ya bara ilisimama juu ya mikopo ya mabaniani na wahindi wengine wa Unguja na Bagamoyo, ambao mashuhuri wao alikuwa Taria Topan. Mwaka 1876 ndui iliingia Ujiji ikaua watu wengi kwa siku chache. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Stanley alirudi tena, na safari hii alimkuta Mwinyi Kheri ndiye gavana wa mji.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu Stanley alifanya jambo ambalo limetuachia ushahidi adimu. Aliorodhesha mali ya gavana. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa na desturi ya kuandika mali ya liwali kabla ya kumpeleka kazini, na akirudi humhesabia upya, kilichozidi bila ya sababu ya halali hukigawa au kukirudisha katika hazina. Stanley hakuwa Umar, wala hakuwa na nia ya Umar. Hata hivyo orodha ni orodha, na sisi tutaisoma kwa jicho la Umar.

Mwinyi Kheri alikuwa na nyumba mbili za tembe. Alikuwa na shamba la ngano na mpunga. Alikuwa na ng'ombe 40 na mbuzi 20. Alikuwa na vyombo tisa vya ziwani vyenye makasia na matanga. Alikuwa na pembe za ndovu frasila 80, robota 30 za nguo, magunia 20 ya shanga, nyaya za shaba ratili 350 na nyaya za chuma ratili 200. Alikuwa na bunduki 80. Na alikuwa na watumwa 120. Thamani ya vyote kwa bei ya soko la Ujiji ilikadiriwa kufika dola 18,000. Mohamed bin Gharib alikadiriwa kumzidi kwa dola 3,000 hivi.

Jambo la kwanza linalodhihiri ni kwamba gavana hakuwa tajiri kuliko wote katika mji wake. Yeye ndiye aliyekuwa na cheo, na rafiki yake ndiye aliyekuwa na mali zaidi. Tunaliona hili kuwa ni sifa. Katika miji mingi, jana na leo, mtu akipata madaraka huwa tajiri kuliko wenzake baada ya miaka michache, na hakuna anayethubutu kuuliza mali imetoka wapi. Mwinyi Kheri alikuwa amefanya biashara ya ziwa kwa miongo mingi kabla ya kuitwa gavana, zaidi upande wa kaskazini huko Uvira. Mali yake inalingana na ya wafanyabiashara wenzake. Tena ana shamba na ana ng'ombe, vitu vya mtu aliyeamua kuishi mahali, si vya mtu anayesubiri kukusanya na kuondoka.

Jambo la pili ni bunduki. Bunduki 80 zinatosha kulinda nyumba, vyombo na msafara. Hazitoshi kuitawala nchi ya Wajiji kwa nguvu. Hii ina maana kwamba aliishi kwa ridhaa ya watu zaidi ya kuishi kwa hofu yao. Kiongozi asiye na jeshi la kutosha analazimika kuwa na ulimi mzuri, subira, na desturi ya kushauriana na wazee kabla ya kukata jambo. Atakayesema kwamba huo si wema bali ni udhaifu, tutamjibu kwamba wapo wengi waliokuwa dhaifu na bado hawakujifunza subira.

Kisha tunafika kwenye wale 120, na hapa hatuwezi kupita haraka.

Neno uungwana katika lugha yetu lina historia. Asili yake mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Watu wa pwani walipoingia bara walijiita Wangwana, na katika Ujiji ya Stanley upande wa Kawele ndio uliokaliwa na Wangwana, watumwa na wenyeji, na upande wa Ugoy ukakaliwa na Waarabu. Baadaye neno likapanda daraja. Tukasema uungwana ni vitendo, tukimaanisha upole, ukweli, kutimiza ahadi, na kumstahi mdogo na mkubwa. Lakini mzizi wa neno haukutoka. Mtu aliitwa mwungwana kwa sababu pembeni yake alisimama mtu ambaye hakuitwa hivyo. Je, inawezekana mtu akawa mwungwana wa tabia huku akimiliki watu 120?

Ziko hoja mbili ambazo huletwa kila jambo hili linapotajwa, na zote hatuziridhii. Ya kwanza ni ya wale wanaotumia utumwa wa Ujiji kuuhukumu Uislamu. Hawa tunawakumbusha kwamba Qur'ani katika Suratul Balad imekutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani anayotakiwa mja kuipanda, katika Suratut Tawba imeweka ukombozi wa watumwa miongoni mwa mafungu manane ya zaka, na katika Suratun Nur imewataka mabwana wakubali kuandikiana na watumwa wao mkataba wa kujikomboa. Kafara za yamini, za kuua bila ya kukusudia na za dhihari zote zimefunguliwa mlango wa kumwacha mtu huru. Dini iliyoweka milango mingi hivi ya kutoka haikukusudia watu wabaki ndani.

Hoja ya pili ni ya watu wetu wenyewe. Wao husema kwamba utumwa ulihalalishwa na sheria, na kwamba wazee wale walifanya lililoruhusiwa katika zama zao. Hii nayo haisimami. Sheria haimruhusu mtu kumkamata aliye huru, kumfunga minyororo na kumuuza. Mtume (S.A.W.) amemhesabu anayemuuza mtu huru na kula thamani yake kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama. Watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema, Uvira na kando za Urundi, walitekwa katika jihadi gani? Nani aliyewalingania dini kwanza? Nani aliyewatolea hukumu? Wengi wao walichukuliwa vijijini usiku kwa tamaa ya pembe na wabebaji wa pembe. Mwanachuoni yeyote aliyesoma mlango wa vita katika fiqhi ya Imam Shafi'i anajua kwamba hakuna kitabu kinachoihalalisha biashara hiyo. Tena hata kwa amri ya mtawala waliyemtii, mlango ulikuwa umefungwa. Sayyid Barghash alifunga masoko ya watumwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Habari hizo zilifika Ujiji, na biashara haikukoma.

Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba Mwinyi Kheri, pamoja na subira na upole wake kwa wakwe na wageni, alikuwa na upande wa mizani ulioelea. Alimheshimu aliyekuwa na ukoo na aliyekuwa na mkuki, na akashiriki katika biashara iliyomla asiyekuwa na kimoja kati ya hivyo. Hatusemi haya kwa kumtukana maiti, kwa kuwa tumekatazwa kuwatukana wafu na sisi tunamwombea maghfira kama tunavyowaombea Waislamu wote. Tunasema kwa sababu katika Kigoma ya leo wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa wamo katika safu moja ya swala, na haifai mmoja wao asimuliwe historia ya sifa tupu.

Tuendelee na maisha yake. Agosti 1878 walifika Ujiji wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London, Thompson na Hore, wakiwa na barua za Sayyid Barghash. Thompson alikufa mwezi uliofuata na kuzikwa pale pale. Dodgshun, aliyewafuata mwaka 1879, naye alikufa siku chache tu baada ya kufika. Mwanzoni mwa mwaka 1879 waliingia pia Mapadri Weupe wa Kikatoliki, ambao baadaye walihamia Rumonge. Wafanyabiashara wa mji hawakuwapenda wageni hao. Walijua vizuri kwamba Waingereza ndio waliomshinikiza Sayyid kufunga masoko, na waliona kwamba nyumba ya misheni leo itakuwa jicho la balozi kesho. Wapo waliotaka waondoshwe mara moja.

Gavana alikaa katikati ya moto. Akiwafukuza, ameidharau barua ya Sayyid. Akiwakaribisha kwa mikono miwili na kuwapa ardhi, amewaudhi watu wake na amewafungulia wageni nchi ambayo kwa kweli si yake bali ni ya Wajiji. Alichofanya ni kuwaacha wakae bila ya kuwaachia watakalo. Hawakupata ardhi ya kujenga kituo cha kudumu kama walivyokusudia, wala hawakudhuriwa. Hore alikaa mjini kwa amani, akatengeneza chombo, akalipima ziwa, akazungumza na watu, na baada ya miaka kadhaa misheni yao ikahamia kisiwa cha Kavala upande wa magharibi.

Wako watakaosema kwamba huku kulikuwa ni kusitasita. Sisi tunaona tofauti. Mwenye kusitasita hubadilika kila anapokutana na mtu mpya, lakini jibu la mzee huyu lilikuwa moja kwa muda wote. Mgeni aliyeingia kwa amani, akiwa na barua ya mtawala, ana haki ya kulindwa roho na mali yake, na hapo sheria yetu iko wazi. Kumpa mgeni huyo ardhi ya watu ni jambo jingine. Tukitaka kuwa wakweli ni lazima tuongeze kwamba nia yake haikuwa safi yote, kwa kuwa sehemu ya hofu ya Wangwana juu ya wamisionari ilikuwa ni hofu ya watu wanaojua kwamba wanafanya jambo lisilopaswa kuonekana. Hata hivyo amani waliyopewa wale wageni ilikuwa amani ya kweli, na hawakufa kwa mkono wa mtu bali kwa homa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sayyid Barghash aliona kwamba Wabelgiji wa Mfalme Leopold na wamisionari wanaongezeka ziwani, akataka jina lake lionekane huko. Bendera nyekundu ya Unguja ikatumwa Ujiji na Mwinyi Kheri akaipokea, akawa sasa gavana kwa jina la Sayyid. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi. Kwa muda mrefu kabla ya hapo watu walimtii kwa sababu ya uzee wake na mafungamano yake, na bendera haikumwongezea askari hata mmoja. Ilimwongezea mzigo, kwa kuwa sasa kila jambo la wafanyabiashara wa ziwa lingeulizwa kwake na pwani, na kila amri ya pwani ingechukiwa kupitia kwake.

Wakati huo huo kizazi kingine kilikuwa kinaingia. Mohamed bin Khalfan Al-Barwani, aliyezaliwa Lindi na kujulikana ziwani kote kwa jina la Rumaliza, alifika Ujiji mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo. Alikuwa mshirika wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mwenye nasaba, mtaji na bunduki nyingi. Huyu hakuwa mtu wa kuoa kwa Wajiji na kungojea. Mji uliozoea mzee wa kusuluhisha ukaanza kumzoea bwana wa kuamrisha. Mwinyi Kheri aliishi kuyaona mabadiliko hayo. Alifariki mwaka 1885, na baada yake hakuna aliyebaki Ujiji wa kumzuia Rumaliza.

Tofauti ilionekana upesi. Rumaliza alipeleka nguvu zake kaskazini na magharibi, akataka kuingia Urundi na kurudishwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, akapigana na Wabelgiji upande wa Kongo tangu mwanzo wa miaka ya 1890, na mwanzoni mwa mwaka 1894 akashindwa kabisa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Alikuwa hodari kuliko Mwinyi Kheri, hilo hatulikatai. Alikuwa na bunduki ambazo mzee wa Mrima hakuwahi kuziota. Lakini muda wake wa kuutawala mji haukufika miaka kumi, na alipoondoka hakuacha nyuma mapatano yoyote na wenye nchi. Mwaka 1896 Kapteni Ramsay wa Ujerumani alifungua kituo Ujiji, na mamlaka ya Wangwana yakaishia hapo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 haikupelekwa Ujiji bali Kigoma, penye maji ya kina kwa meli.

Na wale 120? Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mara moja, bali waliuacha ufifie kidogo kidogo. Ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922, miaka 37 baada ya kifo cha Mwinyi Kheri. Waliotoka ng'ambo ya ziwa kwa minyororo hawakurudi wote kwao. Wengi walibaki Ujiji, wakaitwa Wamanyema, wakajenga, wakavua, wakasomesha watoto wao Qur'ani, na wakawa miongoni mwa nguzo za Uislamu katika mji ule. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya watumwa na pembe, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Katika orodha ya Stanley kila mwenye mali aliandikwa kwa jina lake na thamani yake. Watumwa waliandikwa kwa idadi.

Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliozikwa Ujiji, walioandikwa majina na wasioandikwa. Wallahu a'alam.